Kuzindua Mshale wa Daraja la Shukrani

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi mpaka anayelisikia awe amesimama wima, kofia mkononi. Kwa kuwa huenda wewe umekaa, na pengine umelala chali, jina hilo tuliache, tusije tukaponzana. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba watu wake hupiga makofi vizuri kuliko watu wote duniani. Hufundishwa wakiwa bado mgongoni kwa mama zao. Likitajwa jina la Mkuu wa nchi, mikono hukutana yenyewe, hata kama mmoja ulikuwa umeshika kijiko cha uji, na ndiyo maana shati la mwananchi wa nchi hiyo halikosi doa.

Katika nchi hiyo unapita mto Mkomwa, na juu ya mto limekaa Daraja la Shukrani. Lilijengwa na wageni walioondoka zamani bila kusema chuma wamekiweka wapi na wapi wamesahau. Serikali ililipa jina, ikalipaka rangi, ikatundika picha ya Mkuu huku na huku, ikaona imemaliza. Ng'ambo ya huku kuna ofisi, hospitali na nyumba za wakubwa. Ng'ambo ya kule kuna soko, shule na kituo cha polisi, ili mhalifu akikamatwa mjini apate muda wa kujifikiria njiani.

Mvua za mwaka juzi zilipokwisha, daraja likaanza kulia. Lori likipita, chuma kilitoa sauti kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Upande wa kushoto lami ikapata ufa, mbuzi wa mtu akatumbukiza mguu humo, akatolewa kwa shida. Wananchi wakalalamika. Wizara ya Madaraja na Mapokezi ikatoa tamko kwamba daraja halilii, linaimba, na ikauliza ni nchi gani nyingine katika ukanda huu ina daraja linaloimba. Watu wakapiga makofi, wakaendelea kuvuka kwa kunyata.

Mmoja aliyesikiliza tamko lile na kuona kinyaa ni Mhandisi Nyamizi Kasuka, mpimaji wa wizara hiyohiyo. Mikono yake ilipiga makofi kama ya wengine. Yeye alijua chuma kinapoimba kinasema nini. Tena alikuwa na sababu ya nyumbani. Mdogo wake, Malimi, alikuwa dereva wa lori la mchanga, na kila siku ya Mungu alivuka daraja lile kwenda na kurudi. Kwao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Kila jioni Nyamizi hakuweza kumeza chakula mpaka simu iite na sauti ya Malimi iseme kwamba amefika, na kwamba daraja leo limeimba wimbo wa dini.

Kupima daraja la zamani si uchawi. Unaleta malori ya mchanga, unayapitisha kwenye mizani ili ujue uzito wake hasa. Unaingiza la kwanza taratibu, unalisimamisha katikati, unasoma kipimo chenye mshale unaoonyesha daraja limenepa chini kiasi gani. Likinepa kama ulivyotarajia, unaingiza la pili, unasoma tena. Kisha unayaondoa yote mapema, unasoma mara ya mwisho. Daraja zima hurudi lilipokuwa. Daraja lililochoka halirudi, na hilo unalifunga palepale, watu wakutukane wanavyotaka.

Nyamizi aliomba kipimo hicho mpaka akachosha masikio ya watu. Siku ombi lilipokubaliwa alifurahi hata akakosa tahadhari. Walipotafutwa madereva wenye mkono mwepesi, wanaojua kusimamisha gari bila kulitikisa, akamtaja Malimi. Aliona ni kazi ya asubuhi moja, na daraja litakuwa chini ya macho yake mwenyewe. Hakujua kwamba katika nchi ile matatizo ya ombi huanza likishakubaliwa.

Kamati ya maandalizi ilikaa chini ya Mkurugenzi, Dk. Ngwale, ambaye alisomea madaraja nchi za baridi akarudi na koti ambalo mpaka leo hajalivua. Kulia kwake alikaa Bwana Lukumba, Mkuu wa Itifaki, mtu wa sauti laini na glavu nyeupe, aliyenukia kama duka la maharusi. Walikwishapanga mahema, matarumbeta na rangi ya vitambaa vya meza. Nyamizi alipoanza kueleza habari za mchanga na mihimili, Bwana Lukumba akainua kidole kimoja cha glavu.

"Nani atakisoma hicho kipimo kwanza?"

"Mimi," akasema Nyamizi.

Ukumbi ukamgeukia kama vile ametukana msibani. Bwana Lukumba akatabasamu kwa huruma, kisha akamweleza, polepole, mambo ambayo kila mtoto wa nchi ile anayajua. Mgeni rasmi hakuti jambo limekwisha kufanywa. Jiwe analiweka yeye, mti anaupanda yeye, bomba la maji analifungua yeye, na kama maji yametangulia kutoka, yanafungwa ili yatoke tena mbele yake. Sasa Mheshimiwa Waziri Kiboma Ndauka mwenyewe amekubali kuja kuzindua kipimo.

"Mshale ukishasomwa na mtu mdogo," akasema Bwana Lukumba, "Mheshimiwa atazindua nini? Makombo?"

Basi ikaamuliwa. Kwa kuwa Mheshimiwa hainami, kipimo hakitasomewa chini ya daraja. Waya utavutwa kutoka katikati ya daraja hadi kwenye saa kubwa ya mshale, pana kama sinia, itakayosimama mbele ya hema. Saa hiyo itafunikwa kitambaa cha hariri chenye kamba, na ni marufuku kuchungulia kabla Mheshimiwa hajavuta kamba. Kwa kuwa Mheshimiwa hasomi kitu mara mbili, malori yataingia yote kwa pamoja. Kwa kuwa Mheshimiwa hangoji, malori yatakuwa darajani kabla hajafika. Madereva wabaki ndani, mikono kwenye usukani, wamevaa fulana za Mkuu, ili picha ipendeze. Dk. Ngwale naye, asije akaonekana hakuchangia, akaagiza kila lori liongezwe mchanga juu ya ule uliopimwa. Alisema si adabu kumpimia mgeni rasmi kwa kijiko.

Nyamizi akamtazama Mkurugenzi usoni. Yule mtu alijua. Alikuwa amefundishwa haya yote na walimu wazuri, akayafanyia mitihani akafaulu. Dk. Ngwale akatazama dari, akasema, "Itifaki izingatiwe," akalitaja jina la Mkuu, na ukumbi ukalipuka. Mikono ya Nyamizi nayo ikapiga. Alipoigundua akaivuta, akaikalia.

Siku ikafika. Asubuhi malori yakaingia darajani mkia kwa kichwa, yamefurika mchanga, kila moja limefungwa maua ya plastiki mbele. Malimi alikuwa wa mwisho, karibu na katikati. Alimpungia dada yake mkono huku fulana ikimbana, uso wa Mkuu umetanuka tumboni kwake kama ameshiba. Nyamizi akasimama karibu na saa ya mshale. Kati yake na kitambaa alisimama Koplo Mwantumu wa polisi, mwanamke mnene wa makamo, aliyepewa amri ya kulinda hariri ile kama anavyolinda silaha.

Chakula kilikuwa kinapikwa ng'ambo ya kule, ili moshi usimfikie Mheshimiwa. Mpango ulikuwa kwamba akishazindua mshale, atakata utepe mwekundu uliofungwa mdomoni mwa daraja, atavuka kwa miguu mbele ya kamera, na watu wote wa meza kuu watamfuata kwenda kula. Harufu ya pilau ilivuka mto bila kumngoja mtu.

Mheshimiwa akachelewa. Ikasemwa amesimama njiani kuzindua kisima. Baadaye ikasemwa kisima hicho kimefuatwa na choo cha shule, na kwamba hotuba ya choo imenoga. Jua likapanda. Malori yalikuwa palepale, kazi ya dakika chache imekuwa ya asubuhi nzima, na daraja halikuimba tena wimbo wa kupokezana kama siku zote. Lilikuwa linatoa sauti moja nyembamba isiyokatika. Watu wa meza kuu walipoisikia, mshereheshaji aliwaambia wapiga matarumbeta wapige.

Simu ya Nyamizi ikaita.

"Dada, nina swali la kitaalamu," akasema Malimi. Alikuwa anajaribu kucheka. "Kikombe changu cha chai kinatembea."

"Kinatembea vipi?"

"Nilikiweka juu ya dashibodi, upande wangu. Sasa kimefika kwa utingo, na mimi sijakigusa. Injini nimezima."

"Kushoto."

"Ndiyo, kushoto. Kule kwenye ufa."

Nyamizi akalitazama daraja. Alikatazwa kusoma kipimo, lakini kikombe hakuna aliyekifunika. Daraja lilikuwa limeanza kulala upande. Alimwambia Malimi asisogee kwanza, akaenda kwa Bwana Lukumba, akaomba malori yaondolewe sasa hivi. Bwana Lukumba hakukasirika. Alimuuliza tu kama amewahi kuona bwana harusi akifika akute bibi harusi ameondolewa. Hata hivyo, kwa kuwa nchi ni ya utawala bora, akaita kamati ikae pembeni ya hema. Kamati ikajadili kikombe. Ikaonekana si chombo kinachotambuliwa na wizara, tena ni mali ya mtu binafsi. Mjumbe mmoja akataka kujua nani aliruhusu chai darajani. Wakakubaliana kwamba kikombe kionywe, na kikao kikafungwa kwa makofi.

Nyamizi akamfuata Dk. Ngwale mezani. Mkurugenzi alikuwa anakula sambusa. Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye mkono wa lile koti la nchi za baridi.

"Daktari, wewe unajua," Nyamizi akamwambia. "Mle ndani mna watu. Mna mdogo wangu."

Dk. Ngwale akalamba kidole gumba, akalamba cha pili, akafikiri. "Mhandisi, mimi kuona sijaona," akasema. "Kitambaa kimefunika."

Kisha akamsogezea sahani ya sambusa. Nyamizi akaitazama ile sahani, kisha akaitazama ile midomo inayong'aa. Aliwahi kuwaona waoga, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao miaka mingi. Lakini mwoga anayekula vizuri hivi hakuwahi kumwona. Akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye saa ya mshale, akapitisha mkono chini ya kwapa la Koplo Mwantumu, akaishika hariri, akaivuta.

Mshale ulikuwa umefika mwisho wa saa. Ulikuwa umeegemea kijiti cha chuma kinachouzuia, na haukuwa na pengine pa kwenda.

"Malimi," akasema kwenye simu. "Shuka. Usiwashe gari. Waambie wenzako, mkimbilie ng'ambo ya kule."

"Mheshimiwa amefika?"

"Malimi, nakuomba ushuke."

Milango ya malori ikafunguka mmoja baada ya mwingine, madereva wakatoka mbio na fulana zao. Kwa mbali ilionekana kana kwamba Mkuu, akiwa kundi zima, anaikimbia nchi. Meza kuu ikasimama kwa hofu. Hakuna aliyeuliza mshale umesema nini. Waliuliza nani amevuta kitambaa. Katika nchi ile kuzindua bila mamlaka ni kosa linalotajwa sheriani kabla ya wizi, na Koplo Mwantumu, aliyekuwa anahofia mkate wake, akamfunga Nyamizi pingu kwa mikono isiyotaka. Akampakia kwenye gari dogo la polisi lililo wazi nyuma. Bwana Lukumba akaokota hariri, akaikung'uta vumbi, akaifunika saa upya na kunyoosha mikunjo. Hapo hapo king'ora cha msafara kikasikika.

Mheshimiwa Kiboma Ndauka akashuka kwenye gari, akapokea maua, akapokea salamu, akapokea maua mengine. Akapelekwa mbele ya saa. Akavuta kamba. Akautazama mshale kwa muda mrefu, na Bwana Lukumba akamnong'oneza kitu. Uso wa Mheshimiwa ukachanua.

"Ndugu wananchi," akasema. "Ziko nchi ambazo mshale wao huishia katikati. Ziko nyingine, nasikitika kusema, mshale hausogei kabisa, umekaa tu pale kama hauna serikali. Wa kwetu umefika mwisho. Na ningependa majirani wanisikie vizuri: kama mwisho ungekuwa mbele zaidi, ungefika."

Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika hadi sokoni. Dk. Ngwale alipiga kwa nguvu hata sambusa ikamtoka mfukoni. Akatangaza kwamba daraja limefaulu, na kwamba kwa mujibu wa utaalamu wake litadumu kama Mkuu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ametamka jambo la kweli kidogo, maana Mkuu naye alikuwa mgonjwa, ila hilo halisemwi.

Ikabaki kukata utepe na kuvuka kwenda kula. Hapo likatokea jambo ambalo nchi ile haikuwahi kuliona. Watu ambao maisha yao yote waligombea kutangulia, katika foleni, katika vyeo, hata mlangoni mwa msikiti na kanisa, ghafla wakawa wastaarabu. Mheshimiwa akamwambia Mkurugenzi atangulie, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu. Mkurugenzi akasema hawezi kumpa mgongo Mheshimiwa. Wakamsukumia Bwana Lukumba, naye akasema itifaki hutembea nyuma. Pilau ilikuwa inanukia, mate yanawajaa, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake njia kwa mkono uliokunjuliwa. Daraja walilotoka kulipigia makofi hakuna aliyetaka kuligusa hata kwa ncha ya kiatu, na wote walijua kwa nini, na hakuna aliyeona haya.

Bwana Lukumba ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikumbuka kwamba yupo mtu mmoja ambaye sasa hana cheo, na kituo cha polisi kiko ng'ambo ya kule. Mtuhumiwa atangulie. Akiwa na gari. Utepe ukainuliwa juu ili apite chini yake bila kuukata, kwa kuwa kukata si haki yake.

Koplo Mwantumu akapanda kwenye usukani, akasogeza gari mpaka magurudumu ya mbele yakagusa chuma. Ile sauti nyembamba ikapanda kupitia sakafu ya gari, ikamwingia miguuni. Akasimamisha. Hakugeuka. Akaongea kwa sauti ya chini kupitia kidirisha cha nyuma.

"Mhandisi. Litabeba?"

Nyamizi akafumba macho. Alikuwa amepita kwenye kamati, kwenye kikao na kwenye hema, na siku nzima hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo.

"Halibebi, dada yangu," akasema.

Koplo Mwantumu akarudi nyuma taratibu hadi kwenye vumbi, akazima gari, akateremka, akapiga saluti. "Mheshimiwa, gari limeharibika," akasema. Bwana Lukumba akafungua kinywa kumkaripia, na kinywa kikabaki wazi, kwa sababu daraja lilikuwa limenyamaza.

Halikuanguka kwa fujo. Upande wa kushoto ulishuka kwanza, malori yakateleza yakijipanga, maua ya plastiki yametangulia, kisha katikati yote ikaenda chini na Mkomwa ukaruka juu kuipokea. Maji yakarudi yakiwa na matope, yakailowesha meza kuu, sofa na viatu. Vumbi lilipotua, zilibaki nguzo tu, na picha za Mkuu kila ng'ambo, zinatazamana. Waya wa kipimo ulikuwa unaning'inia. Mshale, ukiwa hauna tena kitu cha kusema, ulikuwa umerudi kwenye sifuri.

Mheshimiwa alijifuta matope kwenye nyusi. Hakuuliza kama kuna mtu amekufa.

"Nani ameliruhusu lianguke," akauliza, "kabla sijakata utepe?"

Watu wakatazamana. Kosa lilikuwa kubwa kweli. Bwana Lukumba, ambaye glavu zake zilikuwa nyeusi kwa tope, akatazama huku na huku, na uso wake ukapata nuru. Utepe bado ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa kwenye nguzo za ng'ambo hii, mwekundu, umekazwa vizuri, mbele ya nafasi tupu. Mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri. Mheshimiwa akasogea, kamera zikasogea, akakata. Akasema kwamba kuanzia sasa eneo lile liko wazi, na kwamba madereva wote wameokolewa na mwono wa mbali wa serikali. Akalitaja jina la Mkuu.

Simu ya Nyamizi ikaita mfukoni. Koplo Mwantumu akaitoa, akamwekea sikioni, maana mikono ya mwenyewe ilikuwa na pingu.

"Dada, nipo," akasema Malimi. Alikuwa analia. "Tupo wote. Wapishi wanatuambia tukae tule, wenye chakula hawaji tena."

Nyamizi akageuka. Akatazama ng'ambo ya maji, akaona fulana nyeupe zimesimama ukingoni, moja imeinua mkono. 

"Dada," Malimi akasema, "nakuona kutoka huku. Mbona na wewe unapiga makofi?"

Nyamizi akainamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefungwa pamoja kwa chuma, na ilikuwa bado inapiga.